OK Inayofika Kabla ya Mtu

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge kizuri na soda baridi, halafu mkubwa wetu akashika maikrofoni na hakuiachia mpaka soda zikapata moto. Zamu yangu ya kusema ilipofika, dereva alikuwa ameshaanza kupiga honi. Nikasema asanteni, nikakaa. Yale niliyotaka kuwaambia ninyi mnaobaki katika chumba cha kuongozea umeme nilirudi nayo nyumbani Kikula, mtaa wetu hapa Likasi, na tangu siku hiyo yananisumbua. Nayaandika sasa. Solange, wewe uliyerithi kiti changu, soma mpaka mwisho hata ukinichoka njiani.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Mishahara mnaijua, na cheo changu cha mwisho kilinifikia kama umeme unavyotufikia mtaani kwetu, kwa kuchelewa na kwa muda mfupi.

Nilianza kazi nikiwa msichana. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, mtu wa Kasongo aliyehamia huku Katanga na mswala wake umekunjwa chini ya kiti, na alitaka niolewe na mwenye duka. Nilipomwambia nimepata kazi ya kukaa na foni, ile redio ya kuongea na mafundi walioko porini, aliniuliza kama kweli nitalipwa kwa kuongea tu. Nikasema ndiyo. Akasema kama ni hivyo basi mama yako angekuwa tajiri siku nyingi.

Chumba mnakijua, hakijabadilika sana. Ukuta mzima ulikuwa na taa ndogo nyekundu na kijani, kila taa ikiwa njia moja ya umeme unaotoka mto Lufira, upande wa Koni, na kuja mjini, migodini na vijijini. Palikuwa na meza moja, foni moja, na swichi kubwa zenye funguo. Na palikuwa na Papa Ilunga, mkuu wa zamu, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata mwezi wa kumi, wakati sisi wengine tunatafuta pa kuweka vichwa kwa joto. Mfukoni alikuwa na karanga za kukaanga. Alitafuna moja moja, taratibu, na mpaka leo nikisikia mtu anatafuna karanga najikuta nimekaa wima.

Siku hiyo ya kwanza, fundi mmoja aliita kutoka porini akasema wamefika chini ya poto, yaani nguzo ya umeme, na wanapumzika kidogo kabla ya kuanza. Nikabonyeza kitufe nikajibu kwa furaha, "OK, papa!" Papa Ilunga alininyang'anya kipaza sauti kwa nguvu mpaka ukucha wangu ukavunjika.

"Usirudilie ile neno," alisema. "Mu hii chumba, ile neno iko na kazi moya tu. Ukiisema bure, utaua muntu."

"Sasa niseme nini, papa?"

"Sema reçu, nilipokea. Sema compris, nilielewa. Sema ndiyo. Uko na maneno mingi mu kichwa, tumika nayo."

Nilinuna. Niliona mzee ananionea kwa kuwa mimi ni msichana na mgeni. Mchana alinichukua tukale bukari, yaani ugali, kwa mama mmoja aliyepika pembeni ya barabara, akaniambia nisiongee, nisikilize watu.

OK ni neno la Kiingereza, na pale barabarani hapakuwa na mtu aliyejua Kiingereza, lakini neno hilo lilikuwa limetuingia kuliko Kifaransa chote cha shule. Muuza makaa alitaja bei, mama mmoja akasema OK, akatoa pesa. Mama wa pili alitajiwa bei ileile, naye akasema OK huku akigeuka kwenda zake, na yule muuza makaa akajua ametukanwa. Fundi baiskeli aliibonyeza tairi kwa kidole gumba akasema iko OK, maana yake itakufikisha nyumbani, zaidi ya hapo ni wewe na Mungu wako. Msichana alisema OK kwa kijana aliyekuwa anamfuata nyuma, akimaanisha nimekusikia, sasa niache. Kijana alisikia njoo, akaongeza mwendo. Mwalimu alipita na watoto wake, akawauliza, "OK?" wakajibu wote kwa pamoja, "OK!" na ninavyowajua watoto hakuna aliyekuwa ameelewa kitu. Mama mpishi aliulizwa na jirani kama mgonjwa wake anaendeleaje, akasema OK, na uso wake ulionyesha kwamba tungehudhuria matanga kabla ya Jumapili. Na kwenye ukuta mbele yetu paliandikwa OK kwa chokaa, herufi kubwa. Sikujua nini kilikaguliwa pale, ukuta, nyumba au mwenye nyumba.

"Uliona?" Papa Ilunga aliniuliza. "Ile neno inasema ndiyo. Inasema apana. Inasema niache nilale. Inasema sikusikia lakini niko na haya ya kuuliza tena. Sasa weye, na funguo mu mukono, utashika gani?"

Hapo ndipo akanieleza. Kabla yangu, shefu mmoja wa mafundi aliulizwa kwenye foni kama kazi imekwisha, akajibu OK kwa niaba ya watu wake wote. Umeme ukawashwa. Mmoja wao alikuwa bado juu, anafunga waya wa mwisho. Tangu mazishi hayo, Papa Ilunga na wenzake waliliondoa neno hilo katika shughuli nyingine zote za chumbani, wakaliachia kazi moja tu. Njia ikiwa imefungwa kwa matengenezo, na kazi ikimalizika, mwenye foni anamwita kila fundi kwa jina lake, naye anajibu OK kwa kinywa chake mwenyewe. Maana yake ni hii: nimeshuka, miguu yangu iko chini, mikono yangu haigusi kitu, washa. Hakuna wa kumsemea mwenzake, awe shefu, awe pacha wake.

Tuliishika sheria hiyo mpaka watu wa mji wakatulaani. Kuna fundi mmoja alipoteza sauti kwa kuimba kwaya ya Pasaka, na siku hiyo kwenye foni tulisikia pumzi tu. Ilibidi gari limlete mpaka chumbani anong'oneze OK mbele ya uso wangu. Kikula nzima ilikaa bila umeme ikimngoja mwimbaji huyo. Nami nyumbani nililiacha neno hilo kabisa, mdomo ulikuwa umeshaliogopa. Marehemu mume wangu aliponiuliza kama nakubali anioe, nilimjibu compris, na alikuwa akiwasimulia wageni jambo hilo mpaka uzeeni.

Papa Ilunga alinifundisha pia kusikiliza nyuma ya sauti. Mtu aliyetoka kushuka poto anahema. Nyuma yake kuna upepo kwenye majani, kuna injini ya kamyoneti, gari lao la kazi, kuna mwenzake anayetukana panya aliyekula mkate wake. Baada ya miaka michache ningeweza kukwambia fundi amesimama wapi kwa kumsikia tu. Na Papa Ilunga alikuwa na tabia moja ambayo hakunifundisha. Akishapata OK ya mwisho, alikuwa anaondoa mkono kwenye funguo, anatafuna karanga kadhaa, halafu ndipo anawasha. Nilimuuliza anangoja nini.

"Ninangoja kama iko ingine," alisema.

"Ingine ya nani?"

Akanipa karanga. Nikadhani ni uzee. Alistaafu, akaishi miaka yake, akafa kitandani mwake, na mimi nikakaa kwenye kiti chake bila kuuliza tena.

Sasa nifike kwa Djo. Wengi wenu mnamjua, yule mrefu mwenye maneno mengi na kikohozi chake cha tangu utotoni. Wakati huo alikuwa kijana, mpandaji bora katika ekipe ya mafundi ya shefu Numbi, na alikuwa akiniita Mama Zaina kwa jina la binti yangu mkubwa, kama mlivyoniita wote. Alikuwa mtu wa kanisa moja la maombi hapa Kikula, lile lenye vipaza sauti vilivyoelekezwa kwenye dirisha langu.

Ilikuwa kiangazi, ule wakati pori linapochomwa na majivu yanashuka juu ya nguo zilizoanikwa. Tulikuwa tumefunga njia moja inayopita upande wa Shinkolobwe, ambayo mafundi waliiita njia ya vichuguu, kwa kuwa mapoto yake yanapita katikati ya vichuguu vinavyoshinda nyumba kwa urefu. Hawakuipenda. Huko hakai mtu tangu mgodi wa zamani ulipofungwa, wanapita tu wachimbaji wanaojificha, na walisema hata ndege huko hawakai muda mrefu. Kila fundi alikuwa na poto lake na toki yake, ile redio ya mkononi, na kwa sababu ya vichuguu hawakuonana.

Jua lilikuwa limepanda Numbi aliposema kazi imekwisha. Nikaanza kuita majina. Numbi alijibu OK, na injini ya kamyoneti ilikuwa inanguruma nyuma yake. Fundi Mwape akajibu OK akihema, na upepo ukipiga kwenye toki yake. Nikaita, "Djo."

"OK."

Ilikuwa sauti yake, naapa. Ilikuwa ya Djo mtulivu, Djo aliyelala vizuri na kuamka bila haraka. Lakini nyuma ya sauti hapakuwa na kitu. Hapakuwa na pumzi wala upepo wala majani, hata ule mkwaruzo wa foni tuliouzoea haukuwepo. Ilikuwa kama anasema nami akiwa amejifungia ndani ya kabati la nguo. Nikagundua kwamba mkono wangu ulikuwa umeshatoka wenyewe kwenye funguo.

Nyuma yangu alisimama mhandisi wa zamu, kijana mwema, mgeni Likasi. Simu zilikuwa zinalia, pampu za maji zilikuwa zimesimama, na kila mtu alitaka jibu kutoka kwake.

"Mama, ashasema," aliniambia. "Wote tulisikia. Turudishe courant, watu banangoja umeme."

"Ungoye."

Nikabonyeza kitufe. "Djo, sema kintu ingine. Sema jina ya mutoto wako."

Kimya. Nikamwita tena, kimya. Nikamwita shefu wake.

"Numbi, Djo iko na weye?"

"Haiko, mama. Lakini nilisikia OK yake mu toki. Ashashuka."

"Uende umuone na macho."

"Mama, ni mbali, na jua ni kali sana."

"Numbi, uende."

Mhandisi akasema ataandika ripoti. Nikamwambia aandike kwa mwandiko mzuri. Kisha nikachomoa ufunguo nikautia kifuani, mahali ambapo kijana mwenye heshima kama yeye asingeufuata. Tukakaa. Simu ziliendelea kulia. Nilikuwa najiuliza kama nimeanza kuwa kichaa, na kama watanifukuza kwa hilo, na watoto wangu watakula nini. Halafu foni ikapasuka kwa sauti ya Numbi, anakimbia.

"Mama! Iko juu! Djo iko juu ya poto, haishuke! Musitie courant! Mama, unanisikia?"

"Reçu," nilisema, na nikaanza kulia pale pale, mbele ya mhandisi.

Djo alikuwa ananing'inia kwenye mkanda wake wa kupandia, kichwa kimeangukia kifua, mkono mmoja umelala juu ya waya ule ambao nilitaka kuuamsha. Alikuwa amezimia kitambo, midomo imepasuka kwa ukavu. Kanisa lao lilikuwa kwenye mfungo mkavu, bila chakula na bila maji, na yeye aliufunga kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa. Alimficha Numbi jambo hilo, maana Numbi asingemruhusu kupanda. Mimi nafunga Ramadhani tangu utotoni, sina wa kumcheka, ila mimi nilifunga nikiwa nimekaa kwenye kiti. Toki yake ilikuwa imeanguka chini ya poto. Betri ilikuwa imeruka mbali kwenye majani, na siafu walikuwa wanatembea juu yake.

Walikuja mafundi wa redio kuchunguza. Walisema mawimbi yana tabia zake, pengine ilikuwa sauti ya siku nyingine iliyorudi. Nikawauliza ilikuwa imehifadhiwa wapi siku zote hizo, kwenye friji? Wakafunga sanduku lao. Numbi na Mwape waliapa hakuna aliyemsemea mwenzake, na nawaamini, kwa sababu wote wawili walikuwa wameisikia sauti hiyo na wote wawili waligoma kurudi njia ya vichuguu.

Nilikwenda kumwona Djo hospitali. Alikuwa na dripu mkononi, na macho yake yalikuwa yamenifuata tangu mlangoni.

"Mama Zaina, minye nilishuka," alisema.

"Haukushuka, Djo. Benzako njo balikushusha."

"Nilishuka. Nilifungua mukanda, nikatembea mu majani mupaka ku camionnette. Numbi alinipa maji. Nikakamata toki, nikakuambia OK, na weye ukasema asante Djo."

Sikuwa nimesema hivyo. Nilimuuliza halafu ikawaje.

"Tulirudi ku Kikula. Nikanawa, nikakula bukari, nikalala. Nilikuwa mu usingizi wakati balinitingisha, nikaona niko juu." Akanishika pindo la kitenge. "Mama, ule wenye alishuka, alienda wapi?"

Nilimwambia alikuwa na homa, apumzike. Mke wake, Mama Neema, alinifuata nje kwenye veranda. Alikuwa mwanamke wa soko, hauzi dagaa kwa mkopo na hasemi upuuzi. Aliniambia kwamba mchana wa siku ile Djo alipozimia, alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta unga, akasikia mlango na maji ya kunawa. Akauliza kwa sauti kama atakula. Bwana wake akamjibu OK kutoka ndani. Akasonga bukari haraka haraka, akaingia nayo, na nyumba ilikuwa tupu.

"Nilikasirika," aliniambia. "Nilisema, ule mwanaume, anaagiza chakula halafu anatoka. Minye nikaifunika sahani. Njo balikuya kuniita hospitali."

Niliogopa, na sioni haya kusema niliogopa. Siku nyingi baada ya hapo nilikuwa nikiingia nyumbani kwangu nawaita wanangu mmoja mmoja, na nawataka waje niwaone.

Djo alipona, na mtoto wake pia alipona, na kanisa likatangaza ushuhuda kwa vipaza sauti vyote viwili. Aliporudi kazini alikuja kwanza chumbani kwangu. Hakukaa. Alikuwa anazungusha kofia mikononi.

"Mama Zaina, ukiniita mu foni, uniite mara mbili," alisema. "Ya kwanza usisadiki."

"Kwa nini, Djo?"

"Sababu nikiwa ningali kule juu, ninasikia vile ule mwingine ananijibia."

Basi nikamwita mara mbili. Siku nyingi jibu la kwanza lilikuwa la Djo mwenyewe, na la pili lilikuwa lake vilevile. Lakini kila mara njia ilipokuwa mbaya au jua kali, OK ya kwanza ilikuja upesi, safi, mara nyingine kabla sijamaliza jina, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Nilikuwa naiacha ipite. Nikiita tena, ndipo Djo anakuja na pumzi zake, na kikohozi, na malalamiko kwamba poto hili limesimikwa na adui yake. Hapo nilikuwa nawasha. Ninyi mlinicheka. Mlisema Mama Zaina anamwita Djo mara mbili kama mchumba. Sikuwaeleza sababu, kwa kuwa mngeanza kuniombea, na kazi ni nyingi.

Ningeishia hapo, na ningemwachia Solange maneno hayo tu: mwite mara mbili. Lakini wiki yangu ya mwisho ilinibadilishia somo.

Mnakumbuka tulifunga njia ya Kikula kwa sababu ya lori lililogonga poto karibu na soko. Ilikuwa mchana mweupe, barabara imejaa watu, wauza nyanya wamekaa mpaka chini ya waya. Numbi, ambaye sasa ni mzee mwenye mvi, alisema wamemaliza. Nikaita majina, nikapata OK za wengine. Nikaita Djo. OK ya kwanza ikaja haraka, ile tupu. Nikaiacha. Nikaita mara ya pili.

"OK, Mama Zaina."

Na nyuma yake ilikuwepo pumzi. Ilikuwepo injini ya kamyoneti, zilikuwepo kelele za soko, na mwishoni kabisa kilikuwepo kikohozi, kile chake, kinachoanza chini kifuani. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nilifurahi, nakumbuka nilifurahi, na nikaanza kuzungusha ufunguo.

"Mama, ungoye kidogo, nilisema haraka," alisema Numbi kwenye foni. "Djo angali juu, anafunga bolti ya mwisho."

Mkono wangu ulisimama ulipokuwa.

"Numbi, unamuona?"

"Niko namuona na macho, mama. Alinipa toki yake nimushikie, iko mu mukono yangu." Nilisikia wauza nyanya wakiitana bei nyuma yake. Kisha Numbi akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, ni nani alikohoa?"

Solange, ulikuwa umekaa kando yangu, ukaniuliza mbona nimeinamia meza. Nilikwambia ni sukari. Haikuwa sukari.

Nimefikiri sana tangu siku hiyo. Nimeongea na Djo, nikamsihi aache kupanda. Alisema ana watoto wa kusomesha, na kwamba akiwa juu ya poto, amefungwa mkanda, hapo tu ndipo ana hakika yuko wapi. Kwa hiyo naweka hapa, kwa maandishi, jambo ambalo Papa Ilunga angeninyang'anya kalamu kwa kuliandika. Wengine wote watajibu kwa vinywa vyao wenyewe, kama tulivyofanya siku zote. Djo peke yake, OK ya kinywa chake msiipokee tena, hata aiseme mara ngapi, hata mkisikia pumzi, hata mkisikia kikohozi. Atumwe mwenzake aende mpaka chini ya poto lake, amshike mkono, na huyo mwenzake ndiye amsemee. Djo amekubali. Mtu aliyetoka kushuka poto, viganja vyake huwa vimelowa jasho. Mkimfikia amesimama chini, anawachekea, na mkaushika mkono wake ukawa mkavu, msiwashe. Tazameni juu.